Shamba, Jembe na Paa: Miaka 60 ya TCRS Ikitazamwa Kutoka Ngara na Biharamulo

Januari 1964 ulikuwa mwezi mzito. Tarehe 12 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles wakaasi Dar es Salaam. Serikali ya Mwalimu Nyerere, ambayo haikuwa imefikisha hata miaka mitatu ya uhuru, ilikuwa na kila sababu ya kufunga milango na kujishughulisha na usalama wake. Hata hivyo, mwezi huohuo ulizaa chombo cha kuwatafutia makazi watu wa nchi nyingine. Serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, likatoa fedha, na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani likaleta watu wa kuifanya kazi. Chombo hicho kikaitwa Tanganyika Christian Refugee Service, kwa kifupi TCRS. Kwa kuwa kilianzishwa miezi mitatu kabla ya Muungano, kimebaki na Tanganyika katika jina lake hadi leo.

Historia ya TCRS kwa kawaida husimuliwa kutoka Dar es Salaam, yalipo makao makuu, au kutoka Mpanda na Tabora, yalikokuwa makazi yake makubwa. Mimi naisimulia kutoka Ngara na Biharamulo, wilaya za mkoa wa Kagera kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwa sababu pembe hii ya nchi ndiyo iliyouona mwanzo wa habari yenyewe na pia siku zake ngumu kuliko zote. Anayetaka kujua maana ya mtu kuvuka bahari kwa hiari yake ili kusaidia familia isiyo na pa kulala ipate nyumba salama atalipata somo lake hapa, kati ya Rusumo na Nyakanazi.

Machafuko ya Rwanda yalianza Novemba 1959. Watutsi waliochomewa nyumba walikimbilia Uganda, Kongo, Burundi na Tanganyika. Waliokuja upande wetu waliuvuka mto Kagera wakaingia Ngara na Karagwe. Wengine walikuwa na ng'ombe, wengine hawakuwa na kitu ila nguo za mwilini. Ngara iliwajua tangu zamani. Wahangaza na Washubi walikuwa wakioana na kuuziana ng'ombe na watu wa ng'ambo ya mto kabla Mwingereza na Mbelgiji hawajachora mpaka, na Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda vinaelewana kiasi kwamba mgeni hakuhitaji mkalimani wa kuombea maji. Familia za kwanza zilipokewa na watu wa vijijini kabla shirika lolote halijafika. Waliwapa kona ya kulala, wakawagawia migomba, wakawaonyesha wapi kuna kisima. Jambo hili huandikwa kwa mstari mmoja tu katika taarifa rasmi, kama linaandikwa.

Serikali ilitenga eneo la Muyenzi, wilayani Ngara, kuwa makazi yao. Mwanzoni kulikuwa na ugumu ambao fedha hazikuweza kuutatua. Wengi wa waliofika Muyenzi waliamini kwamba wangerudi Rwanda karibuni, na mtu anayeamini atarudi kwao msimu ujao haoni sababu ya kuchimba msingi. Angepanda maharage, kwa kuwa maharage huiva upesi, lakini asingepanda mgomba wala kahawa. Nyumba yake ilikuwa ya kujikinga na mvua tu. Kwa jicho la mbali ungedhani ni uvivu, na wapo waliosema hivyo. Kwa jicho la karibu, mtu huyo alikuwa akikataa kukiri kwamba amepoteza kwao.

TCRS ilipoanza kazi, mzigo wake wa kwanza ulikuwa Wanyarwanda hao. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Brian Neldner, Mwaustralia aliyetumwa na Fungamano. Mradi wake mkubwa wa mwanzo ulikuwa Mwese, katika nyanda za juu za Mpanda, walikopelekwa Wanyarwanda walioondolewa Kivu, nchini Kongo, ambako maisha yao yalikuwa hatarini. Huko nyikani palihitaji kila kitu: barabara, maji, shule, zahanati. Na huko ndiko ulikojengeka utaratibu ambao TCRS iliufuata kwa miaka 20 na zaidi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Familia ilipimiwa shamba. Ilipewa jembe, panga, shoka na mbegu. Ilipewa chakula mpaka ivune mavuno yake ya kwanza, kisha mgawo ukapunguzwa polepole. Shirika lilifungua barabara kwa matingatinga, likachimba visima, likajenga shule, zahanati na maghala. Nyumba ya familia haikujengwa na shirika. Baba, mama na watoto waliingia porini kukata miti na fito, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito kwa kamba za magome, wakakanyaga udongo na kuukandika ukutani kwa viganja, nje na ndani, wakaacha ukauke, wakarudia palipopasuka, kisha wakaezeka kwa nyasi. Mgeni kutoka Sweden, Denmark au Ujerumani aliyekuwa akisimamia eneo hilo hakugusa ukuta huo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha lori la mbegu linafika kabla ya mvua, kisima kinatoa maji na daraja halichukuliwi na mto.

Hapa ndipo ninapoona ubora wa TCRS ya miaka hiyo. Wageni wake walikuja kufanya yale ambayo familia isingeweza kuyafanya peke yake, na yale iliyoyaweza wakaiachia. Mkimbizi anajua kujenga nyumba kuliko mgeni wa kutoka Copenhagen. Asichoweza ni kujimilikisha ardhi katika nchi isiyo yake, kununua bomba la maji la kilomita kadhaa, au kumshawishi waziri. Ukimjengea nyumba na kumwacha bila shamba wala maji, utarudi baada ya miaka mitatu uikute imekuwa magofu.

Wapo waliofika kwenye fikra kama hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1973 Mmarekani Millard Fuller na mkewe Linda walihamia Mbandaka, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Zaire, wakasaidia familia za kipato kidogo kujenga nyumba za matofali ya saruji. Mwenye nyumba alilipa kidogokidogo bila riba, na jasho lake la kujenga likahesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Waliporudi kwao, mwaka 1976 wakaanzisha Habitat for Humanity katika mji wa Americus, jimbo la Georgia. Miaka kumi baadaye shirika hilo lilikuwa limefika Tanzania pia. Kupitia Habitat maelfu ya watu wa Ulaya na Marekani wamesafiri kwenda nchi za mbali kwa wiki moja au mbili, wakachanganya saruji na kubeba matofali bega kwa bega na familia itakayoishi humo. Siidharau kazi hiyo. Mtu aliyewahi kubeba tofali kwa ajili ya mwenzake hasahau. Lakini mjitoleaji wa wiki mbili na mjitoleaji wa miaka saba hawafanyi kazi moja. Wa kwanza anaiona nyumba ikisimama. Wa pili anaweza kumaliza mkataba wake bila kuona nyumba hata moja aliyoijenga yeye, akaacha nyuma yake wilaya yenye barabara.

Tukiwataja wageni hao, haki inadai tuseme walitoka wapi. Fungamano lilianzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947, Ulaya ikiwa bado kwenye vifusi vya vita. Wakati huo, kwa makadirio ya Fungamano lenyewe, Mlutheri mmoja kati ya sita duniani alikuwa mkimbizi au mtu aliyeng'olewa kwao. Kwa hiyo makanisa yaliyochangia TCRS kupitia DanChurchAid, Lutherhjälpen ya Sweden na misaada ya kanisa ya Norway na Finland yalikuwa katika Fungamano ambalo wengi wa waumini wake wenyewe walikuwa wameng'olewa kwao chini ya miaka 20 nyuma. Hiyo ni tofauti kubwa na msaada unaotolewa na mtu ambaye hajawahi kufukuzwa.

Haikuchukua muda uhusiano huo wa makanisa ukawa na mkono wa kutoka upande wetu pia. Mwaka uleule wa 1964 Josiah Kibira, mzaliwa wa Bukoba, alichukua nafasi ya Bengt Sundkler, Mswidi, kuwa askofu wa kanisa la Kilutheri la kaskazini magharibi. Mwaka 1977 Fungamano lilipofanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mtoto wa Kagera akawa mkuu wa chombo kilichokuwa kikituma wageni Kagera. Waliozoea kuyaona mashirika ya misaada kama mkono wa Ulaya pekee wangefanya vema kuukumbuka mkutano ule.

Muyenzi nayo ilibadilika taratibu. Matumaini ya kurudi yalififia, watoto wakazaliwa, wakasoma shule za Tanzania, wakaimba nyimbo za TANU na baadaye za CCM kama watoto wengine wa Ngara. Migomba ikapandwa, kahawa ikafuata. Mwaka 1980 serikali iliwafungulia Wanyarwanda wapatao 36,000 mlango wa uraia. Kwa tukio hilo na mengine, UNHCR ilimtunukia Mwalimu Nyerere Nishani ya Nansen mwaka 1983. Ukitaka kujua nyumba za Muyenzi zilipata lini usalama wao kamili, mimi ningeutaja mwaka huo wa 1980. Kuta zilikuwepo tangu zamani. Kilichoongezeka ni uhakika kwamba hakuna atakayekuja asubuhi moja kuwaambia wenye nyumba waondoke.

Miaka hiyo ya kati TCRS ilikuwa imebeba mzigo mkubwa zaidi kusini mwa Kagera, na nitaupitia kwa haraka. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu na Katumba, na mwaka 1978 Mishamo ikafunguliwa kwa sababu maji ya Ulyankulu hayakuwatosha watu waliorundikwa huko. Watu wapatao 26,000 walihamishwa, wakayaacha makazi ambayo wengine walikuwa wameyajenga kwa miaka mitano. Ilikuwa hasara kubwa, na chanzo chake ni kwamba maji yalipimwa baada ya watu kuletwa. Hata hivyo, makazi hayo matatu yalifikia kujilisha, na TCRS ikayakabidhi serikalini: Katumba na Ulyankulu kwanza, Mishamo mwaka 1985. Waliokuwa wakimbizi huko wakawa miongoni mwa walishaji wa mikoa ya Tabora na Rukwa. Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu wa kundi hilo, zaidi ya 160,000 wakiwa wamekubaliwa. Sijui nchi nyingine barani iliyofanya hivyo kwa wingi huo.

Kisha ukaja mwaka 1994, na mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 200,000, wengine wanakadiria 250,000, waliuvuka mto Kagera kwa daraja la Rusumo na kuingia Ngara. UNHCR ilisema haikuwahi kuona watu wengi kiasi hicho wakihama kwa kasi hiyo. Safari hii waliokuwa wakivuka walikuwa hasa Wahutu waliokuwa wakiyakimbia majeshi ya waasi wa RPF, na kati yao walikuwemo waliotoka kuua majirani zao. Mpakani walinyang'anywa mapanga na marungu, yakarundikwa kando ya barabara kama kuni. Chini ya daraja, maporomoko ya Rusumo yalikuwa yakishusha miili ya waliouawa kuelekea Ziwa Viktoria. Watu wa Ngara waliyaona yote mawili siku moja.

Umati ule ulitembea karibu kilomita 20 mpaka Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya zamani ya kampuni ya ujenzi wa barabara na bwawa. Bwawa hilo ndilo lililookoa roho za watu kwa sababu Oxfam waliweka pampu na matangi juu yake. CARE wakashika uendeshaji wa kambi, Madaktari Wasio na Mipaka na Msalaba Mwekundu wakashika tiba. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Tanzania, vijana wa nchi hii, walibeba mizigo, wakagawa chakula, wakazika maiti, na picha zao si nyingi kwenye magazeti ya nje. Ndani ya wiki chache watu walikuwa wakisema kwamba Benaco ni mji wa pili kwa ukubwa nchini baada ya Dar es Salaam. Zikafuata kambi za Lumasi, Musuhura na nyingine, na za Warundi Lukole na Kitali. Wakimbizi wakawazidi wenyeji wa Ngara kwa idadi.

Hebu tuitazame nyumba ya Benaco. Familia ilipewa turubai la plastiki, kwa kipimo cha kawaida mita nne kwa tano, lenye maandishi ya UNHCR. Mwenye familia alipanda mlima, akakata miti midogo kama kumi na miwili, akaichomeka ardhini kwa mistari miwili, akaikunja juu ikutane, akaifunga, akatandika turubai na kuligandamiza kwa mawe na udongo pembeni. Nyasi zilitandikwa chini. Kazi ilimalizika kabla ya jioni. Mvua ya masika ilipopiga, maji yalipita chini ya pembeni na kulowesha nyasi. Jua la mchana liligeuza ndani kuwa tanuri. Mwezi mmoja baadaye hapakuwa na mti wa kukata karibu, na akina mama wakawa wanatembea nusu siku kutafuta kuni kwenye vilima vya wenyeji. Wenye vilima walikuwa wanaona misitu yao ikiisha huku mahindi na mafuta ya msaada yakishusha bei ya mazao yao sokoni. Wengine walinufaika, nami sitalificha hilo. Vijana walipata ajira, biashara ilichangamka na nyumba za bati ziliota Ngara mjini. Ila aliyekuwa na shamba kando ya kambi hakuulizwa.

TCRS iliingia kwenye dharura hii ikiwa na faida ambayo mashirika mengi ya nje hayakuwa nayo. Ilikuwa nchini kwa miaka 30. Madereva, mafundi na wahasibu wake walikuwa Watanzania waliokwisha kuishi makazini. Malori ya chakula yalitoka reli ya Isaka, yakapita Lusahunga wilayani Biharamulo, yakapanda Ngara. Barabara hiyo na zile za kuingia vijijini zilikuwa zikisagwa na magurudumu usiku na mchana. Kazi zisizo na picha nzuri, yaani makalavati, visima vya vijiji vya wenyeji na barabara zilizobomolewa na malori ya msaada, ndizo ambazo TCRS ilizichukulia kwa uzito. Mwanasosholojia Tony Waters, aliyefanya kazi na shirika hili magharibi mwa Tanzania na kuwepo Ngara miaka hiyo, aliandika baadaye kitabu kinachouliza Msamaria Mwema anakuwaje akigeuzwa kuwa ofisi. Hoja yake inayonigusa ni kwamba fedha za dharura hufuata hisia za watu wa mbali wanaotazama televisheni, ilhali daraja la kijiji cha Ngara halimlizi mtu yeyote wa London. Aliyekuwa Ngara wakati ule anajua hilo ni kweli.

Nyumba ya Muyenzi na nyumba ya Benaco zimejengwa katika wilaya moja, kwa watu wa nchi moja, kwa msaada wa mashirika ya aina moja. Ya kwanza ilianza na shamba, na paa likafuata. Ya pili ilianza na paa, na shamba halikuja kamwe. Serikali ya 1994 haikuwa na ardhi ya kuwapa watu nusu milioni, na wala haikutaka, kwa sababu waliokuwa na silaha walikuwa wamejichanganya na wasio na hatia. Siilaumu. Machi 1995 iliufunga mpaka wa Burundi, na mapema Desemba 1996, kwa tangazo la pamoja na UNHCR, ikawaambia Wanyarwanda wote wawe wameondoka kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo.

Maelfu hawakukubali. Walifunga virago usiku, wakang'oa maturubai yao na kuelekea mashariki na kusini, kuingia ndani ya nchi, wakitumaini kufika Kenya au Malawi. Jeshi liliwazuia na kuwarudisha njia ya Rusumo. Karibu watu nusu milioni walivuka kurudi Rwanda ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa miguu, kwenye mvua. Nyumba za Benaco zilibomolewa kwa muda mfupi kuliko uliotumika kuzijenga. Yapo mashirika yaliyopinga namna kazi ile ilivyofanywa, na yapo yaliyobaki ili mtoto aliyepotezana na mama yake apate wa kumshika mkono. Sidhani mtu aliyekaa mbali anaweza kuyahukumu yale yaliyobaki.

Lukole ya Warundi ilidumu zaidi ya miaka kumi baada ya hapo. Biharamulo na Ngara zilirithi msitu uliokatwa na bunduki zilizobaki mikononi mwa watu wabaya. Kwa miaka mingi mabasi yalikuwa yakisubiriana ili yasindikizwe na polisi kupita pori la Biharamulo. Abiria wa njia hiyo waliijua vizuri hali ya kukaa kimya ndani ya basi mpaka miti iishe. Usalama wa nyumba unategemea pia usalama wa barabara inayofika kwenye nyumba hiyo.

Kambi zilipopungua, wafadhili wengi walifunga ofisi zao Ngara. TCRS iligeukia wenyeji. Kazi yake ikawa uwezeshaji wa jamii, ikiendeshwa Ngara na Kibondo, na nje ya ukanda wa wakimbizi katika wilaya kama Kishapu, Kilwa na Morogoro. Wanakijiji walikaa wakaorodhesha matatizo yao wenyewe, wakaunda vikundi vya kuweka na kukopa, wakachimba visima, wakapanda miti. Mabadiliko ya uongozi yalikwenda sambamba na hayo, shirika likawa mikononi mwa Watanzania. Ni sura tulivu, isiyo na ndege za misaada wala waandishi wa habari. Kwangu ndiyo inayokaribia zaidi roho ya Mwese. Mama wa Ngara aliyekopa kwenye kikundi chake akanunua bati moja mwezi huu na moja mwezi ujao, mpaka akaezeka vyumba viwili, amejenga nyumba ambayo hakuna atakayeing'oa.

Ila hata hilo la kutong'olewa halikuwa la kila mtu. Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Sababu ilikuwepo, ujambazi wa njia ya Biharamulo haukuwa hadithi. Lakini miongoni mwa maelfu waliorudishwa Rwanda walikuwemo watu waliokaa Ngara, Biharamulo na Karagwe kwa miongo mingi, wengine wakiwa na wake au waume Watanzania, na makaratasi yao hayakuwahi kukamilishwa. Waliacha nyumba za tofali za kuchoma, migomba na makaburi ya wazazi wao. Uraia wa 1980 ulikuwa umefungua mlango, ila wapo waliokuwa nje siku ulipofunguliwa, au hawakuweza kulipa ada, au walidhani jirani anayewajua anatosha kuwa shahidi. Katika miaka 60 ya kusaidia watu kupata makazi hapa, ningesema somo hili ndilo lililolipiwa gharama kubwa zaidi na limeandikwa kidogo zaidi.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikumbusha maana nyingine ya nyumba salama. Watu 17 walikufa Kagera, zaidi ya nyumba 2,000 ziliporomoka, hasa Bukoba na Missenyi. Ngara na Biharamulo ziliponea chupuchupu, lakini nyumba zao ni za aina ileile: tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, bila linta inayozunguka juu ya milango na madirisha. Fundi yeyote atakuambia linta ni nondo chache na mifuko michache ya saruji. Mwenye nyumba atakuambia mifuko hiyo michache ndiyo ada ya shule ya mtoto. Mjitoleaji wa kutoka nje anayetafuta kazi ya kufanya Kagera, na ana ujuzi wa uhandisi, asihangaike kubeba tofali. Akae na mafundi wa vijijini atafute nao linta ya bei wanayoimudu.

Mwaka 2015 Warundi walianza kuvuka tena, safari hii wakikimbia machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Baadhi yao waliingia Ngara kupitia Kabanga na vituo vingine, wakapokelewa Lumasi, jina lilelile la 1994, kisha mabasi yakawachukua kupitia Nyakanazi kwenda Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. TCRS ilikuwepo tena Nyarugusu, kwa maji na vyoo. Safari hii wakimbizi walifyatua tofali za udongo wenyewe, wakajenga kuta, zikaezekwa kwa turubai au bati. Ni nyumba bora kuliko za Benaco. Bado sheria inazihesabu kuwa za muda, na aliyezijenga haruhusiwi kulima shamba nje ya kambi. Mkutano wa Arusha wa mwaka 1979 kuhusu wakimbizi wa Afrika ulifanyika katika nchi iliyokuwa ikitoa mashamba. Sheria ya wakimbizi ya 1998, iliyoandikwa baada ya Benaco, imetoka katika nchi iliyochoka, na uchovu huo Ngara inauelewa kuliko mji wowote.

Atakayeandika kitabu kamili cha miaka hii 60, naomba asiishie kwenye majina ya wakurugenzi na wafadhili. Aweke kiambatisho chenye majina ya vijiji vya Ngara na Biharamulo, kimoja baada ya kingine, na mbele ya kila kijiji aandike kilichotolewa: kilima kilichokatwa kuni, kisima kilichogawanywa na kambi, darasa lililogeuzwa kuwa wodi, ekari zilizotwaliwa na zikarudi zikiwa jangwa au hazikurudi kabisa. Kumbukumbu nyingi zimo katika madaftari ya serikali za vijiji, na waliokuwa wenyeviti mwaka 1994 bado wanaweza kuulizwa. Kazi hiyo ya kwenda kijiji kwa kijiji inaweza kufanywa na vijana wachache wa kujitolea, na wa Ngara na Biharamulo wenyewe wanatosha.